Nani Humchagulia Mkulima Mdogo Fahali?

Wakazi wengi wa Donholm hatukumbuki kwamba mtaa wetu huu wa maghorofa na matatu ulikuwa shamba la ng'ombe. Mlowezi James Kerr Watson aliliita shamba lake Doonholm, kwa jina la mahali karibu na mji wa Ayr huko Uskoti. Doon ni mto, na holm, katika usemi wa kule, ni ardhi tambarare iliyo kando ya maji. Hata barabara ya Jogoo iliwahi kuitwa Doonholm. Sisi tuliokuja baadaye tuliipunguza irabu moja, tukawaondoa ng'ombe, tukabaki na jina. Nalitaja jambo hili kwa sababu ni pande hizohizo za Ayr zilizoupa ulimwengu ng'ombe aina ya Ayrshire, ambaye hadi leo yumo katika mazizi mengi ya nchi hii, na kwa sababu kuna swali la ukoo na uzazi ambalo limenikera kwa muda.

Mwaka 2019 dada yangu, anayefuga ng'ombe wanne karibu na Ol Kalou, alimpandishia ng'ombe wake mbegu aliyouziwa kwa sifa moja tu: kwamba imetoka ng'ambo. Bei ilikuwa ya juu mara kadhaa kuliko ya mbegu ya hapa nchini. Ndama alizaliwa mwaka 2020, naye akazaa mwaka 2023. Ni mnyama mrefu, mzuri wa kutazamwa, anayekula majani ya wawili na kukamuliwa maziwa ya mmoja. Tena kumpandisha akashika mimba ni kazi. Dada aliniletea karatasi aliyopewa na yule mwuzaji, akasema, "Wewe ndiye daktari wa familia, nisomee." Udaktari wangu ni wa sauti za lugha, si wa mifugo, lakini Kiingereza nilikijua, na humo nikaona kwamba fahali yule alipimwa kwa mabinti waliolishwa vyakula ambavyo dada yangu hajapata kuvinunua hata gunia moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fahali hatoi maziwa. Ubora wake hukisiwa kwanza kwa mama yake na ndugu zake wa kike, kisha huthibitishwa kwa mabinti zake. Hesabu ya muda ni ya kukatisha tamaa: fahali afikie umri wa kutoa mbegu, ng'ombe wabebe mimba miezi tisa, mitamba ikue hadi izae, tena ikamuliwe siku 305 huku maziwa yakipimwa. Miaka sita hupita kabla ya kujua kama tulichagua vyema. Tangu mwaka 2009, Wamarekani wamekuwa wakiifupisha safari hiyo kwa kusoma chembe za urithi za ndama angali mchanga. Hata hivyo, chembe hizo hazisemi neno mpaka zilinganishwe na kumbukumbu za maelfu ya ng'ombe waliokwisha kukamuliwa. Pasipo daftari, hapana sayansi.

Kenya haikuanza jana. Kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, na mwaka 1966 serikali ikaunda huduma ya taifa ya kupandisha mbegu, ambayo katika miaka ya 1970 ilimtoza mkulima shilingi moja. Ng'ombe bora wa mashamba yaliyoweka kumbukumbu walipandishwa kwa mbegu teule, na ndama dume wakanunuliwa na kulelewa ili nao wapimwe. Mapema katika miaka ya 1990 huduma ikaachiwa soko huria. Magari ya serikali yaliyopita kando ya barabara kila asubuhi yakatoweka, na wafugaji wengi wakarejea kwa dume la jirani. Tangu mwaka 2013 serikali za kaunti nazo zimeingia uwanjani, na mbegu ya bei nafuu imekuwa ahadi ya kampeni kama vile barabara.

Yamkini msomaji atauliza, tatizo ni nini ikiwa mbegu ipo? Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii hutoka kwa wakulima wadogo, ilhali kumbukumbu hutoka kwa mashamba makubwa machache. Kwa hiyo anayemchagulia dada yangu fahali ni ng'ombe wa tajiri, au wa Wisconsin. Na hao wa ng'ambo si malaika. Fahali mmoja maarufu wa Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, alipata mabinti wapatao 16,000 na kuongeza maziwa ya ulimwengu kwa kiasi kisichosemeka. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba alirithisha kasoro ambayo inakadiriwa kuharibu mimba zipatazo nusu milioni.

Lugha yetu nayo hutupotosha kidogo. Neno fahali lina asili ya Kiarabu, na tumelifanya jina la shujaa. Mafahali wawili, twasema, hawakai zizi moja. Tunamsifu kwa shingo na kwa ugomvi. Lakini Mmaasai akitaka dume la kundi lake, huulizia kwanza mama: alikamuliwa vipi, na ukoo wake ulistahimili vipi kiangazi. Ndivyo wanavyouliza wataalamu wa Naivasha wanaotunza ng'ombe aina ya Sahiwal, ambao damu yao imeenea Kajiado na Narok.

Kaunti zinazojivunia mitungi ya mbegu hazina budi kumpa mfugaji maneno machache ya Kiswahili pamoja na kila mrija: mama wa fahali alilishwa nini, akatoa lita ngapi, mabinti hushika mimba kwa urahisi au la, nao ni wakubwa kiasi gani. Mpandishaji naye aandike namba ya fahali, na mtu wa kaunti arudi kuuliza maziwa yalikuwaje. Majirani zetu wa Tanzania wameshaanza kukusanya takwimu kutoka kwa wafugaji wadogo wenyewe ili kuwapanga mafahali. Si jambo la miujiza; ni la karani na baiskeli.

Dada amepandisha tena, safari hii mbegu ya Ayrshire kutoka Kabete. Namba ya fahali ameiandika kwa makaa juu ya nguzo ya zizi, kwa kuwa kadi ya mara iliyopita ililiwa na mbuzi.