Mambo ya Jikoni: Bilingani Ndani ya Mkate

Mwezi huu tumeletewa maswali mawili juu ya kitu kimoja. Walimu wa upande wa Kibiti wauliza jinsi ya kupika baga bila nyama, kwa kuwa watoto wao wameiona Dar es Salaam na sasa waidai kila Jumamosi, wala mshahara wa mwalimu hautoshi kununua nyama ya kusaga kwa watoto sita. Na kutoka visiwani, kule delta, mama mmoja auliza kama ni kweli kwamba bilingani ni nyama ya maskini, maana jirani yake humwambia kuwa mtoto alaye bilingani hana haja ya samaki.

Maswali haya yana jibu moja, nasi twalitoa kabla ya kuwasha moto. Bilingani hupikika mfano wa nyama, lakini si nyama. Bilingani bichi la uzito wa gramu 100 lina maji kama gramu 92, na protini, yaani kile kijengacho mwili, gramu 1 tu. Nyama ya ng'ombe ya uzito huo huo ina kama gramu 20. Basi mama akimkaangia mtoto vipande vya bilingani akaviweka ndani ya mkate, mtoto ameshiba mkate na mafuta. Atafurahi, atalala, na kesho atacheza. Walakini akilishwa hivyo mwezi baada ya mwezi, mwili wake hautapata cha kujijengea. Tusilione jambo hili kuwa dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Tanzania nzima mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Mtoto huweza kudumaa hata asipolala na njaa. Hujaza tumbo kwa chakula cha namna moja.

Kwa hiyo jirani yule amekosea, ingawa hakukosea yote. Bilingani ni chombo kizuri cha kubebea chakula kingine. Hunywa mchuzi, hushika chumvi na bizari, na kikombe kimoja cha kunde huongezeka kwalo kikawa chakula cha nyumba nzima. Kazi ya mpishi ni kuhakikisha kwamba chombo hakiendi mezani kitupu.

Sasa na tuipike baga yenyewe. Kwa watu sita au wanane, chukueni mabilingani makubwa mawili, kunde kavu kikombe kimoja, yai moja, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, bizari ya manjano kidogo, chumvi, na unga wa muhogo au makombo ya mkate mkavu kama vijiko vinne vya mezani. Pilipili ni hiari ya wenye nyumba. Kwa watoto wadogo msiitie. Kunde ndizo zinazobeba mzigo hapa: kikombe kimoja cha kunde kavu kina protini kama gramu 40. Ndiyo maana twasema asiye na kunde atumie choroko au maharage, na asiye navyo vyote asipike baga siku hiyo, bali apike kitu kingine.

Kunde zilowekwe usiku, zichemshwe hata ziive sana, kisha zimwagwe maji yote. Zipondeni katika kinu kwa mkono mwepesi, msizifanye uji. Zikibaki na chembechembe, zitatafunika. Mabilingani yachomeni mazima juu ya makaa, baada ya kuyatoboa kwa uma mahali patatu au pane, maana lisilotobolewa huweza kupasuka na kumrushia mpishi majimaji ya moto. Yageuzwe mara kwa mara, kama dakika 20, hata ngozi iungue na ndani kuwe laini kabisa. Yakipoa, ambueni ngozi, na nyama yake iwekeni katika chujio kwa nusu saa.

Nusu hiyo ya saa ndiyo siri yote. Wengi hulalamika kwamba baga yao imevunjikia kikaangoni, wakalaumu yai, wakalaumu unga, hata wakalilaumu sufuria. Kumbe ni maji. Bilingani lililochomwa hutoa maji mengi, na mtu akiwa na haraka huongeza unga ili kuyanywa, na mwisho wake hula donge la unga. Acheni maji yatoke yenyewe. Kisha changanyeni vyote, funikeni, pumzisheni robo saa, na fanyeni maandazi bapa ya ukubwa wa kiganja na unene wa kidole. Yapakeni unga kidogo nje. Kikaango kiwe na mafuta ya kulowesha chini tu, na moto uwe wa kiasi. Dakika nne upande huu, dakika nne upande ule, wala msiyaguse kabla ya chini kukauka, maana mwiko wenye pupa huharibu kazi.

Kwa mkate, watu wa Kibiti na Bungu walio kando ya njia kuu iendayo Lindi hupata skonzi kila asubuhi. Watu wa delta ndio wenye shida, kwa kuwa mkate wa dukani ukivuka maji kwa mtumbwi hufika mkavu na wa bei kubwa. Nasi twawaambia hawa wasione haya: wanao mchele, na mkate wa kumimina huishinda skonzi kwa utamu. Mchele ulowekwe usiku, usagwe kwa tui zito, utiwe hamira na chumvi, uachwe uumuke, kisha umiminwe katika sufuria iliyopakwa mafuta na kuokwa kwa moto wa juu na wa chini. Sukari na hiliki ziacheni siku hiyo. Ukikatwa na kupasuliwa kati, huipokea baga vema, pamoja na kipande cha nyanya, tango, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu.

Tena jina la baga lisiwatie mashaka majirani zetu Waislamu mnapowakaribisha, maana tumesikia mtu akisema kwamba ndani ya jina refu la chakula hiki, yaani hambaga, mna nguruwe. Sivyo. Jina latokana na mji wa Hamburg, katika Ujerumani; likavuka bahari hata Marekani, na huko ikawa desturi kutia nyama ya ng'ombe iliyosagwa kati ya vipande viwili vya mkate. Nalo bilingani limesafiri mbali zaidi. Asili yake ni Asia, na pande za Bara Hindi limelimwa tangu zamani sana. Waajemi waliliita badingan, Waarabu badhinjan, Wareno beringela. Mwenye masikio atasikia kwamba ni jina moja linalobadili kanzu katika kila bandari.

Wako wapendao njia fupi, yaani kukata bilingani vipande vinene na kukaanga hivyo hivyo badala ya nyama. Hatuikatazi, ila ijulikane kwamba nyama ya bilingani ina vijitundu vingi vyenye hewa, kama sifongo, na likiingia mafuta moto huyanywa kama mchanga unywavyo maji. Mama huona kikaango kimekauka, akaongeza, kikakauka, akaongeza tena, na chupa ya mafuta ya wiki mbili ikaisha jioni moja. Dawa yake ni chumvi. Nyunyizeni vipande chumvi, viacheni nusu saa, vikamueni kwa kiganja na kuvifuta kwa kitambaa. Vile vijitundu hujifunga, na mafuta hupungua sana. Wazee walifanya hivi kwa kuondoa uchungu. Mabilingani ya siku hizi mengi hayana uchungu mwingi, lakini desturi ile bado yafaa kwa sababu ya mafuta. Kisha chovyeni vipande katika unga wa dengu uliokorogwa pamoja na yai, ili pawe na cha kujenga mwili, ndipo mvikaange.

Katika siku za kusi kali, ambapo mitumbwi midogo haiendi mbali na samaki huadimika, twapenda zaidi mapishi ya pili, nayo ni bilingani na uduvi kwa tui la nazi. Hapa delta haina haja ya kujifunza kwa mtu, kwa kuwa kamba na uduvi ni mali yake, na mwenye akili huanika uduvi siku za wingi na kuuweka mahali pakavu. Kata mabilingani vipande vya ukubwa wa pingili mbili za kidole, uvitie katika maji ya chumvi upesi ili visigeuke rangi. Uduvi uchambuliwe, uoshwe mara mbili au tatu kuondoa mchanga, ukaangwe mkavu kidogo hata unukie. Kuna nazi na kamua tui zito, uliweke mbali. Kamua tui jepesi, na humo chemsha kitunguu, nyanya, bizari na mabilingani. Yakilainika tia uduvi, na embe bichi moja kama lipo. Mwisho kabisa tia tui zito, ukoroge polepole bila kuacha, moto ukiwa mdogo, maana likichemka kwa nguvu hukatika na mchuzi ukawa maji upande mmoja na mafuta upande mwingine. Chumvi ionjwe mwisho, kwa kuwa uduvi una chumvi yake. Chakula hiki huliwa kwa wali, nacho kwa kusema kweli chatupendeza kuliko baga.

Nyanya chungu hatutazisahau, zile ambazo wengine huziita ngogwe. Hizi ni ndugu wa bilingani, lakini zenyewe ni za Afrika kwa asili. Huko Buganda watu hula hata majani ya namna moja ya mmea huu, wakiyaita nakati, na kule Arusha wataalamu wa mboga wametoa mbegu nzuri iitwayo Tengeru White. Tusidanganyike kwa undugu huo tukala majani ya bilingani. Hayo hayafai kuliwa. Ngogwe hukatwa mara nne, huchemshwa pamoja na dagaa, na kutiwa karanga zilizopondwa. Uchungu wake mdogo hupendwa na wazee, watoto hukunja uso. Basi mtoto apewe dagaa na mchuzi wenye karanga, na ngogwe aonje tu mpaka azizoee.

Kwa habari ya ununuzi, chagueni bilingani linalong'aa, zito mkononi, ambalo ukilibonyeza kwa kidole hurudi. Lililofifia na kunywea limepitwa na siku zake, mbegu zake zimekuwa za kahawia, na hilo ndilo litakalokuwa chungu. Kubwa si lazima liwe bora. Baga zikibaki, zisilale mezani katika joto letu. Zipashwe moto sana zikaliwe asubuhi, au wapelekewe jirani jioni ile ile.

Imebaki bustani. Mafuriko ya mwezi wa Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti, na hata leo wapo wanaohesabu hasara. Lakini watu wa bonde wajua tangu mababu kwamba maji yakipungua huacha udongo mpya, na katika shamba lile la mlau hupanda mahindi, kunde na mboga. Miche ya bilingani iandaliwe mapema katika kitalu mahali palipoinuka, ili maji yakiondoka iwe tayari kuhamishwa. Tangu kuhamishwa hata kuchuma ni kama miezi miwili au mitatu. Kunde zipandwe kando yake, nazo zitavunwa karibu wakati ule ule, na baga nzima isipokuwa yai itakuwa imetoka katika shamba moja. Kwenye visiwa ambako maji ya chumvi huingia, mche mmoja au miwili katika debe lililotobolewa chini, karibu na mlango, ukinyweshwa maji yaliyooshewa mchele, hutosha nyumba ndogo.

Mwenye kutaka mbegu aache bilingani moja zuri juu ya mti wake, asilichume hata ligeuke manjano na kulainika. Alipasue, aoshe mbegu ndani ya bakuli, zinazoelea azimwage, zinazozama azianike kivulini juu ya ungo kwa siku kadhaa. Zihifadhiwe katika chupa kavu. Ila mbegu zilizonunuliwa dukani zikiwa na maandishi ya chotara, watoto wake hawatafanana na mama. Hizo hununuliwa upya kila msimu.