Farasi Aliyeumia: Lini Apandwe Tena?



Tangu tulipoandika habari za vijana wetu wanaojifunza kupanda farasi huku Oman, tumepokea maswali mengi kuliko tulivyotarajia, na moja katika hayo limetufikia kutoka kwa wazazi watatu mbalimbali. Farasi ameumia ukano wa mguu wa mbele, amepumzishwa, uvimbe umekwisha, hachechemei tena. Kwa nini basi daktari wa mifugo angali anakataza asipandwe? Mzazi mmoja ameongeza, kwa uchungu tunaoufahamu, kwamba kijana wake amekwisha kuahidiwa nafasi katika ardha ya msimu wa baridi, na kwamba kila mwezi yeye hulipia zizi, shayiri na saisi kwa ajili ya mnyama anayesimama tu.

Kwa jamaa zetu wa mbali wanaopelekewa gazeti hili, na ambao hawajapata kuiona ardha, tuseme kwa ufupi kwamba ni maonyesho ya farasi na ngamia ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2018 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Farasi wawili hukimbizwa bega kwa bega, na wapandaji wao husimama wima juu ya migongo huku wameshikana. Kijana anayetamani jambo hilo hatumlaumu hata kidogo. Ila ndilo jambo la mwisho kabisa ambalo ukano uliopasuka utaweza kulihimili, na sababu yake yafaa ielezwe.

Mguu wa farasi, kuanzia goti la mbele kwenda chini, hauna nyama. Una mifupa, ngozi, na kano ndefu zinazopita nyuma ya muundi na kufanya kazi mfano wa mpira: hunyooka mguu unapokanyaga, na hujivuta unapoinuka. Farasi akienda shoti, ukano wa juu juu, ule unaoushika kwa vidole nyuma ya muundi, hunyooshwa hadi karibu na kikomo chake. Kunyooka na kurudi huko huzaa joto, na wataalamu wamepata kupima digrii 45 katika kiini cha ukano wa farasi aliye mbioni. Sehemu hiyo hiyo ya kati ndiyo aghalabu huchanika kwanza.

Siku za mwanzo hazitatuchukulia muda, maana daktari ndiye msemaji: maji baridi au barafu, bendeji ya kuukaza mguu, dawa ya kupunguza uvimbe, na farasi kufungiwa bandani. Kipimo cha altrasaundi hufanywa baada ya kama wiki moja, kwani tundu lililo ndani ya ukano huweza kupanuka katika siku za kwanza, na picha iliyopigwa mapema mno hudanganya. Mzazi asione ubahili kukigharimia kipimo hicho. Bila ya picha ya mwanzo, picha zote zitakazofuata hazina cha kulinganishwa nacho.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Mwili huliziba tundu lile kwa nyuzi za haraka haraka, dhaifu, zilizolala shaghalabaghala kama makuti yaliyomwagwa uani. Kadiri miezi inavyopita, nyuzi hizo hubadilishwa kwa nyingine zenye nguvu zaidi, nazo hujipanga kufuata urefu wa mguu. Mambo mawili huamua zijipange vipi: muda, na mvuto wa kiasi unaopatikana kwa kutembea. Farasi akikaa bandani miezi sita bila ya kutembezwa, kovu lake halijipangi sawasawa. Akikimbizwa katika mwezi wa tatu, nyuzi zile hukatika upya, na jeraha la pili kwa kawaida huwa baya kuliko la kwanza. Wakati wote huo hatachechemea. Maumivu huondoka mapema sana, pengine baada ya wiki chache tu, ilhali ukano hudai miezi tisa hadi kumi na miwili, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo daktari anapokataza, hasomi mwendo wa farasi bali anasoma kilichomo ndani ya mguu wake.

Vipi basi arudishwe kazini? Madaktari wengi huanza na kumtembeza kwa mkono, dakika 5 hadi 10 kwa siku, na huongeza dakika 5 kila wiki moja au mbili. Mwisho wa mwezi wa tatu, mambo yakienda vyema, hufikia dakika 45 au saa nzima ya kutembea, na katika sehemu ya mwisho ya muda huo huweza kuruhusiwa kupandwa, kwa mwendo wa kawaida tu. Hapo kipimo hurudiwa. Picha ikiridhisha, huongezwa dakika 5 za matiti ndani ya saa ile ile ya kutembea, kwa mstari ulionyooka, bila ya kumzungusha katika duara dogo. Mbio za polepole husubiri mpaka mwezi wa sita umepita, na kila kipandio kipya hutanguliwa na kipimo. Shoti ndiyo ya mwisho.

Katika nchi hii lazima tuseme neno juu ya mchanga. Wengi wetu hudhani kwamba mchanga, kwa ulaini wake, humfaa mgonjwa. Kwa jeraha la ukano ni kinyume chake: mchanga mkavu na mzito humfanya farasi azame na kujikwamua kila hatua, na kano ndizo zinazolipa. Anayerudishwa kazini hutembezwa penye ardhi ngumu iliyo tambarare, hata njia ya lami mbele ya shamba, kwa mwendo wa taratibu. Ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, ule ukanda wa mchanga wa maji ulioshikana hufaa. Juu yake, kwenye mchanga mkavu, asipelekwe. Kusimama baharini apoe miguu ni jambo moja, na kuburura miguu ndani ya maji na mchanga laini ni jambo jingine kabisa. Na katika miezi ya joto yote hayo hufanywa alfajiri, jambo ambalo huwaudhi vijana wetu kuliko jeraha lenyewe.

Farasi aliyefungiwa hujaa nguvu asizozitumia. Tumewahi kumwona mmoja, mtulivu wa miaka yote, akisimama kwa miguu ya nyuma mlangoni mwa banda katika siku yake ya kumi ya kutembezwa. Mruko mmoja kama huo huweza kubomoa kazi ya miezi miwili. Kwa hiyo shayiri hupunguzwa na majani makavu huongezwa, si kwa ghafla bali katika muda wa siku kumi hivi, maana tumbo la farasi halistahimili mageuzi ya haraka, na msokoto wa tumbo ni adui mbaya kuliko ukano. Anayemtembeza na awe mtu mzima, mwenye lijamu na kamba ndefu, si mtoto. Daktari akiona haja ya dawa ya kumtuliza, isionewe haya. Wala asiachiwe uwanjani kwa huruma "anyooshe miguu", maana atainyoosha kweli.

Kwato nazo zisisahauliwe kwa vile hafanyi kazi. Ncha ya kwato ikiachwa ikarefuka na kisigino kikashuka, kano za nyuma huvutwa zaidi. Fundi wa kwato na aje kila wiki tano au sita kama kawaida. Siku ya kwanza ya kutandikwa, tandiko litazamwe upya, kwa kuwa nyama za mgongo zimepungua na tandiko lililomkaa mwaka jana sasa huenda likamchuna.

Kila asubuhi, kabla hajatoka, tunashauri miguu yote miwili ya mbele ipapaswe nyuma ya muundi, kwanza kwa mgongo wa kiganja kutafuta joto, kisha kwa vidole kutafuta unene, na mmoja ulinganishwe na mwenziwe. Huandikwa katika daftari: tarehe, dakika, joto, uvimbe. Kukionekana badiliko, hurudishwa kipandio kimoja nyuma na daktari huitwa. Anapokwenda matiti, kichwa chake kitazamwe: kikiinuka kila mara mguu ule unapokanyaga, anauonea maumivu. Na dawa ya maumivu asipewe ili apandwe. Humwondolea farasi kitu pekee ambacho kingemfanya auhurumie mguu wake mwenyewe.

Tunarudi kwa yule mzazi wa ardha. Kwa hesabu aliyotupa, jeraha lina miezi minne. Msimu huu kijana wake asahau, na aambiwe sasa, kwa uwazi, badala ya kutiwa moyo wiki hadi wiki mpaka siku ya mwisho. Gharama za zizi hazikwepeki, ila za saisi hupungua iwapo baba na mwana watashika zamu ya alfajiri wao wenyewe, na ukaguzi wa miguu kijana aweza kufundishwa kwa siku mbili. Tukifika mwaka mzima na picha ya mwisho isiridhishe, farasi huyo hatafaa tena kwa shoti, lakini wapo wengi wa namna hiyo wanaobeba watoto wanaoanza, kwa kutembea na matiti kidogo, kwa miaka mingi. Anayefikiria kumuuza na amwoneshe mnunuzi daftari na picha zote.

Aliye na haja ya namna ya kulipanga daftari hilo, ukurasa mmoja tumeuchora kwa mkono na tutautoa nakala pamoja na toleo lijalo.