Mvuke Wapotea Olkaria, Kuni Zateketea Kericho

Kenya inajivunia umeme wake, na ina haki ya kujivunia. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu hutokana na jotoardhi ya Olkaria, mabwawa ya maji, upepo wa Turkana na jua. Hakuna kiongozi wetu anayekwenda kwenye mkutano wa tabianchi bila takwimu hiyo mfukoni. Sina ugomvi nayo, kwa sababu ni ya kweli. Ugomvi wangu ni kwamba hadi leo haijafika kwenye boila ya kiwanda cha chai, na chai ndiyo inayotulisha sisi wa Kericho na Bomet na kuiletea nchi fedha za kigeni.

Wanaokunywa chai bila kuijua wanafaa kuelezwa. Jani linapochumwa, zaidi ya robo tatu yake ni maji. Ili kupata kilo moja ya chai kavu, kiwanda hupokea kati ya kilo nne na tano za majani mabichi. Tofauti yote hiyo ni maji, nayo maji hayaondoki kwa hotuba, yanaondoka kwa joto. Majani hulazwa kwenye vitanda virefu yakapulizwa hewa usiku kucha mpaka yanyauke, hukatwakatwa, huachwa yageuke rangi, kisha hupitishwa kwenye hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100 hadi unyevu ubaki takriban asilimia tatu. Feni na mashine za kukatia huendeshwa kwa umeme. Joto, ambalo ndilo sehemu kubwa kabisa ya nishati inayotumika, hutoka kwenye kuni.

Fika kwenye kiwanda cha wakulima wadogo saa nane za usiku, msimu wa majani mengi, uangalie mlango wa boila. Magogo ya mikaratusi yameteremshwa kwenye lori jioni ileile, gome lingali linateleza. Kijana anasukuma gogo ndani, na kabla moto haujashika upande wa pili, ncha iliyobaki nje inatoa povu na kulia kama nyama kwenye kikaango. Povu lile ni maji. Boila inachoma kuni ili kukausha kuni, kabla haijaanza kukausha chai. Mkulima aliyepeleka kilo zake kituoni asubuhi analipia moto huo mara mbili, tena hajui.

Sasa tazama kinachotokea Olkaria saa hizohizo. Wakenya wamelala, viwanda vingi vimefungwa, mahitaji ya umeme yameshuka. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, inalazimika kupunguza uzalishaji, na mvuke ambao ungeendesha mitambo unaachwa uende hewani. Kampuni yenyewe imelisema hadharani, tena si mara moja. Mvuke uliochimbwa kwa mikopo ambayo kila mlipa kodi anailipa unapotea juu ya Bonde la Ufa, na papo hapo, upande wa pili wa Mau, tunafyeka miti ili tupate joto. Kiwanda cha chai ni miongoni mwa wateja wachache wakubwa ambao kazi yao ni ya usiku. Kama kuna sekta iliyozaliwa kununua umeme wa Olkaria wa saa nane, ni hii. Nani ameketi mezani kuwaunganisha wawili hawa? Sijamwona.

Najua nitakavyojibiwa. Umeme ni ghali, unakatikakatika, na meneja atakayekausha chai kwa umeme kwa bei ya leo atafilisi kiwanda. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nasema hili ni jambo la siasa. Bei ya umeme haishuki kutoka mbinguni, huidhinishwa na mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, iliyo chini ya serikali. Desemba 2017 serikali ilizindua nafuu ya nusu bei kwa viwanda vinavyotumia umeme usiku, lakini ikaweka sharti kwamba mteja avuke kwanza kiwango alichozoea kutumia. Mpango wa namna hiyo unamfaa mwenye kiwanda cha saruji kuliko mkulima wa Kapkatet. Kinachotakiwa ni bei ya usiku ya joto la chai, iliyoandikwa kwa jina hilo, kwa muda mrefu wa kutosha kiwanda kiweze kukopa na kufunga mitambo. Tuanze na kunyausha, kwa sababu hewa ya kunyaushia inahitaji joto la wastani tu, na mitambo ya umeme ya kupampu joto inaliweza bila shida. Tanuri la mwisho, lenye joto kali, lifuate baadaye. Kwa sasa kuni zinazobaki zianikwe kwenye mabanda miezi kadhaa kabla ya kuchomwa. Banda la mabati halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Kuni hizo, tena, zina mto nyuma yake. Mikaratusi hunywa maji mengi, jambo ambalo hayati John Michuki alilijua alipokuwa Waziri wa Mazingira na kuagiza mwaka 2009 ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Kwetu agizo lile lilizikwa pamoja naye, na bei ya kuni ikaendelea kumshawishi mkulima kupanda mikaratusi hadi bondeni. Mito yetu, Chemosit, Kipsonoi na Itare, inashuka kuungana kuwa Sondu, na Sondu ndiyo inayozungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60, na Sang'oro, megawati 21. Kwa hiyo moto wa boila unaanza kwa kukausha chemchemi na unamalizia kwa kupunguza umeme safi ambao tunajisifia nao Nairobi.

Julai 2023, Rais Ruto, akiwa Molo, alitangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyokuwapo tangu Februari 2018. Miezi miwili baadaye, Septemba 4 hadi 6, aliwapokea marais wenzake KICC kwenye Kongamano la Tabianchi la Afrika, na Azimio la Nairobi likasomwa. Novemba tukapewa siku ya mapumziko tupande miti. Mheshimiwa Rais, miti ile ni mizuri na nilifurahi kuona watoto wakiipanda. Lakini huwezi kuahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032 huku ukikiacha kiwanda cha chai bila njia nyingine ya kupata joto isipokuwa shoka. Mau ilishamegwa vya kutosha. Mwaka 2001 peke yake serikali ilikata zaidi ya hekta 20,000 kutoka msitu wa South West Mau, juu kabisa ya vyanzo vya mito hii.

Na chai yenyewe inataka kupanda mlima. Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, walikadiria mwaka 2011 kwamba ifikapo 2050 ukanda unaofaa zaidi kwa chai Kenya utakuwa umesogea hadi kati ya mita 2,000 na 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mkulima wa Konoin au Sotik anayechuma chini ya mwinuko huo afanye nini? Juu yake kuna msitu. Januari 2012 jalidi iliunguza chai yetu ekari kwa ekari, na mvua ya mawe huku ni jambo la kila msimu. Afrika imechangia sehemu ndogo mno ya hewa ukaa inayopasha dunia joto, na mfuko wa hasara na uharibifu ulioafikiwa mwaka 2022 kule Misri haujawahi kufika kwenye kituo cha kununulia majani. Wanunuzi wa mnada wa Mombasa wanataka cheti cha kwamba chai yetu inajali mazingira. Cheti tunacho. Bei ya juu zaidi kwa sababu ya cheti hicho, hiyo hatujaiona.

Linaloniuma kuliko yote ni hili. Nishati safi haikuwahi kuwa ngeni Kericho. Kampuni ya James Finlay ilikuwa ikizalisha umeme wake kwa maji ya mito hii tangu miaka ya 1930. Ni muongo uleule ambao serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai na kuwahamishia Gwassi, karibu na ziwa, baada ya Wakipsigis kupokonywa ardhi ambayo chai ilipandwa. Mto ulibaki, umeme ukawaka, wenye mto wakaondolewa. Mwaka 2014 kampuni ya chai ya Williamson ilijenga shamba la paneli za sola la megawati moja Changoi. Hospitali ya Tenwek ilijenga bwawa lake kwenye mto Nyangores mwaka 1987, na umeme ukaingia wodini. Kwa hiyo asije mtu akatuambia teknolojia haipo, au mito haitoshi. Kilichoamua nani awe na nishati safi ni nani aliyekuwa na mtaji na hati ya ardhi.

Upande wa wakulima wadogo, KTDA, shirika linalosimamia viwanda vyao, ilionyesha inawezekana: mtambo wa umeme wa maji wa Imenti ulianza 2009, na ule wa Gura, Nyeri, ukafuata. Kwetu, mtambo wa mto Chemosit umetajwa kwenye mipango miaka nenda, miaka rudi. Wakati huohuo gharama ya kuni na umeme inakatwa kwenye mapato ya kiwanda kabla mkulima hajaonja bonasi. Mwaka 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilipwa kwa kilo kiasi kidogo mno kikilinganishwa na wenzao wa Mlima Kenya, wakaandamana, na walikuwa na haki. Sitadanganya kwamba kuni ndizo zilizosababisha pengo lote lile. Ubora wa chai, soko na usimamizi vina sehemu kubwa zaidi. Lakini nishati ni gharama ambayo siasa ya nchi hii inaweza kuishusha bila kumsubiri mnunuzi wa Pakistan.

Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, iliwahakikishia wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya hewa ukaa inayotegemea ardhi. Vizuri sana. Ila masharti yale yanahusu ardhi ya umma na ya jamii. Mkulima mwenye ekari moja ya chai na hati yake mkononi, ambaye miti yake ndiyo inayolinda mkondo wa mto, hayumo. Wabunge wetu walikuwa bungeni sheria ikipita.

Halafu kuna mchumaji. Anachuma kuanzia alfajiri, na jioni anarudi na mzigo wa matawi ya chai yaliyopogolewa, anawasha jiko la mawe matatu, anapikia watoto ndani ya moshi. Ushuru wa gesi ya kupikia uliondolewa mwaka 2023, jambo jema, lakini kujaza mtungi kwa mshahara wa kilo bado ni ndoto ya mwisho wa mwezi. Mabadiliko yoyote yanayofanywa bila kumuuliza mtu huyu tumeshaona yanavyoishia. Mwaka 2023 mashine za kuchuma zilichomwa moto mashambani Kericho na Bomet, mtu akafa, kwa sababu watu waliambiwa maendeleo yamekuja na wao hawamo. Mitambo mipya ya joto ikija viwandani, vijana wanaopakua kuni na kulisha boila wajue mapema watafanya kazi gani, na wapewe mafunzo ya kuiendesha. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa mkopo, pamoja na umeme au gesi kwa nyumba za wachumaji.

Wagombea wa 2027 wameanza kupita sokoni wakigawa fulana. Kabla yao kuna mkutano mkuu wa kila kiwanda, na wakurugenzi pale wanachaguliwa kwa kura zetu. Simama uulize: mwaka jana tulichoma kuni za shilingi ngapi kwa kila kilo ya chai, zilitoka msitu gani, zilikuwa na unyevu kiasi gani zilipopimwa langoni, na ni nani amekwenda EPRA kutuombea bei ya usiku? Mkurugenzi asiye na majibu hayo asirudi kwenye kiti.