Saruji ya Tororo: utajiri wa Narendra Raval na hesabu ya mwenye lori

TORORO – Msafirishaji anayevuka Malaba kuelekea Kampala hukutana na viwanda vitatu vya saruji kabla hajaiacha Tororo. Cha zamani ni Tororo Cement, chenye mizizi yake katika kiwanda cha serikali cha miaka ya 1950. Viwili ni vya 2018: tawi la Hima, na Simba, saruji ya kundi la Devki kutoka Kenya.

Mwenye Devki ni Narendra Raval, anayejulikana na wengi kwa jina la Guru. Safari yake inafaa kuchunguzwa na kila mwenye lori au duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Busia hadi Mbale, kwa sababu maamuzi yake yanagusa bei ya mfuko na idadi ya safari.

Raval alizaliwa Gujarat, India, akafika Kenya akiwa kijana kuhudumu katika hekalu la Swaminarayan. Aliliacha hekalu alipoamua kuoa. Yeye na mkewe Neeta walifungua duka dogo la vifaa vya ujenzi Gikomba, Nairobi, katika miaka ya 1980. Mwaka 2015 jarida la Forbes lilikadiria mali yake kuwa dola milioni 400, yaani zaidi ya bilioni 40 za Kenya wakati huo.

Alipandaje? Ukifuata hatua zake utaona mtindo mmoja. Aliuza nondo na misumari, kisha akaanza kuitengeneza mwenyewe. Alipohitaji chuma, alijenga mitambo ya kuyeyusha. Kazi ya chuma inataka oksijeni, naye akawa na mtambo wa oksijeni. Wakati wa Korona aliigawa bure kwa hospitali. Baadaye yakaja mabati, saruji, na mbolea ya Mavuno. Kila mara alirudi hatua moja nyuma kuelekea malighafi, mahali ambapo washindani ni wachache.

Kwenye saruji, hatua hiyo ya nyuma inaitwa klinka. Mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi hadi yawe vipande vigumu vya kijivu. Vipande hivyo husagwa pamoja na jasi na pozolana, yaani mawe ya volkano, na hapo ndipo saruji hupatikana. Kusaga kunahitaji mtaji wa kadiri. Kujenga tanuri kunahitaji mtaji mkubwa sana, na mwenye tanuri ndiye anayempangia bei msagaji.

Ndiyo maana mwaka 2019 Devki ilitoa dola milioni 50 kununua biashara ya saruji ya ARM nchini Kenya, iliyokuwa chini ya wasimamizi wa madeni. Ndiyo maana pia kundi hilo lilielekea Sebit, West Pokot, kwenye mawe ya chokaa. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2023 ilipoweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, wenye matanuri waliiunga mkono. Wasagaji wasio na tanuri walilalamika kwamba wanasukumwa nje ya soko.

Je, mpaka unapata nini?

Kwa mnunuzi wa Uganda, nafuu ipo. Aprili 2018 saruji ilipoadimika, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 40,000 za Uganda. Viwanda vipya vya Tororo vilipoanza kazi, mwenye duka alipata pa kuchagua.

Kwa msafirishaji, hesabu ni ngumu zaidi. Tuseme trela hubeba tani 28. Mifuko 5,600 ya saruji ni tani 280, sawa na trela kumi. Saruji hiyo ikisagwa Tororo, na klinka ikiwa asilimia 65 yake, inayovuka mpaka ni tani 182 tu za klinka. Trela saba zinatosha. Pozolana huchimbwa upande wa Uganda na kubebwa na malori ya huko huko.

Umbali nao unabadilika. Kutoka Athi River hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 450. Kutoka Sebit kupitia Kitale ni chini ya nusu ya hizo. Safari fupi humpa mwenye lori mizunguko mingi kwa wiki, lakini nauli kwa tani hushuka, na mzigo wa kurudi lazima utafutwe. Mahindi ya Uganda yanaweza kujaza pengo hilo wakati wa mavuno tu.

Mchuuzi wa Busia aliyeishi kwa tofauti ya bei kati ya pande mbili ndiye mwenye hatari kubwa. Kiwanda kikiwa Tororo, bei ya Uganda haitegemei tena saruji ya mifuko kutoka Kenya. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichofunguliwa rasmi 2018, kimepunguza muda wa kuvuka, lakini hakiwezi kurudisha faida ambayo kiwanda kimeihamisha.

Umiliki pia unabadilika. Machi 2024 Bamburi ilikamilisha kuuza hisa zake za Hima kwa Sarrai na Rwimi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bamburi yenyewe ilichukuliwa na Amsons ya Tanzania. Matanuri ya kanda yanaingia mikononi mwa wachache.

Kwa hiyo msafirishaji anayetaka kununua trela kwa mkopo aulize kwanza klinka itachomwa wapi miaka mitano ijayo, na mkataba wake wa kubeba ni wa muda gani. Benki itadai marejesho kila mwezi, hata kama tanuri limehamia karibu na mpaka.