Kila Tunayempenda Aliaga Mahali

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Hamisi Mwinjuma, Lexington, Kentucky

Novemba iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, mara mashine ikazimwa. Kinyozi wetu, mtu wa Bukavu, aliiweka juu ya taulo akachukua simu. Wote waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu walikuwa wameshainamia simu zao. Kijana mmoja wa sekondari alikuwa amekaa nyuma ya meza kwenye ukumbi wa michezo wa shule yake. Jina lake silitaji, ni mtoto wa watu. Mama yake alikaa kulia, baba kushoto, na mezani kulikuwa na kofia tatu. Ya buluu ilikuwa yetu, ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Mkono wake ukaigusa ya buluu, ukasita, ukaivuka. Akavaa nyingine.

Saluni ilichafuka. Huyu akasema mtoto ana tamaa, yule akasema ni mwoga wa namba, mwingine akamgeukia mama wa watu na kudai ndiye aliyemuuza mwanawe. Nami nikatia langu: "Aende zake, hana lolote." Nina miaka 52. Mtoto yule alikuwa na 17.

Neno lile limenikaa rohoni mpaka leo. Na kwa kuwa kila Julai msako wa vijana huanza upya, nataka tuzungumze, sisi mashabiki wa kikapu cha vyuo, kabla midomo haijatangulia tena mbele ya akili.

Ndugu msomaji uliyeko Dar es Salaam au Mombasa, ukisikia usajili unafikiria Simba na Yanga: klabu inatoa fedha, mchezaji anamwaga wino, mashabiki wanakwenda kumpokea uwanja wa ndege. Wa vyuo vya Marekani umekaa zaidi kama posa. Kocha anamwona kijana akiwa bado na miaka 15. Kila Julai makocha wanajazana kwenye mashindano ya vijana kama Peach Jam, kule North Augusta, South Carolina, na mashabiki wanafuatilia nani kakaa mstari wa mbele kumtazama nani. Kisha kocha msaidizi anapiga simu leo na kesho, anamjua bibi kwa jina, anakuja kukaa sebuleni na kula kilichopikwa. Huyo ndiye mshenga. Na kijana anapokubali, hakubali majengo ya chuo tu. Anawakubali watu waliokuja nyumbani kwao. Mshenga akiondoka, posa nayo huyumba.

Sisi wa Kentucky tuliyaona hayo Aprili 2024. John Calipari alikuwa ametufundishia timu kwa miaka 15 na kutupa ubingwa wa taifa mwaka 2012. Lakini Machi 2022 tulitolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, na Machi 2024 tukatolewa raundi hiyohiyo na Oakland, 80 kwa 76, Jack Gohlke akitutundika mitupo kumi ya pointi tatu. Wiki chache baadaye Calipari akahamia Arkansas. Nyumba ikabomoka ndani ya siku chache. Wachezaji wake wakatawanyika, wengine NBA, wengine vyuo vingine, asibaki hata mmoja wa wale waliokuwa na ufadhili wa masomo. Vijana wa sekondari waliokwisha kuahidi kuja nao wakachomoka. Karter Knox, Billy Richmond na Boogie Fland walimfuata mzee wao Arkansas. Somto Cyril akaenda Georgia. Jayden Quaintance, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 16 tu, akaenda Arizona State. Akasalia mmoja, Travis Perry, mtoto wa Lyon County, magharibi mwa jimbo hili, aliyefunga pointi nyingi kuliko mwanafunzi yeyote katika historia ya sekondari za wavulana za Kentucky.

Chuo kikatafuta kocha. Scott Drew wa Baylor akaamua kubaki kwao. Aprili 12 likatangazwa jina la Mark Pope wa BYU, na mji ukanuna. Pope alikuwa hajawahi kushinda hata mchezo mmoja wa mashindano ya taifa akiwa kocha mkuu. Siku mbili baadaye, Jumapili, milango ya Rupp Arena ilifunguliwa bure, na watu wa rika zote wakaujaza uwanja ule unaobeba zaidi ya elfu ishirini. Basi likaingia mpaka ndani, Pope akashuka na kombe la 1996, mwaka alipokuwa nahodha wa timu yetu iliyotwaa ubingwa. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja mzee, kofia yake ya buluu imefifia mpaka kuwa kijivu. Hakupiga kelele. Aliivua tu, akaishika kifuani.

Kocha alipatikana, lakini ukimtoa Perry, mchezaji hakuwepo. Pope akaunda benchi la ufundi haraka. Alvin Brooks III alitoka Baylor, Cody Fueger akaja naye kutoka BYU, na wakaanza kubisha hodi. Zile ndizo wiki ambazo shabiki alilala na simu chini ya mto. Akaja Lamont Butler kutoka San Diego State, yule ambaye mtupo wake wa sekunde ya mwisho ulikipeleka chuo chake fainali ya taifa mwaka 2023. Akaja Amari Williams, mtoto wa Nottingham, Uingereza, kutoka Drexel. Andrew Carr akaaga Wake Forest, Otega Oweh akaaga Oklahoma, Koby Brea akaaga Dayton. Jaxson Robinson akamfuata Pope kutoka BYU. Na kutoka Harlan, kwenye milima ya makaa ya mawe mashariki mwa jimbo, akaja Trent Noah, ambaye alikuwa ameshajifunga na South Carolina kabla Kentucky hawajamwita.

Noah na Perry wana kisa chao. Machi ya mwaka huohuo, timu za shule zao zilikutana fainali ya jimbo, palepale Rupp, na Lyon County ya Perry ikaishinda Harlan County ya Noah. Miezi michache baadaye wakawa wanavaa jezi moja. Mmoja wa mashariki, mmoja wa magharibi, na jimbo zima likajiona ndani yao.

Timu ile ya kuokoteza, kama wengine walivyoiita, iliwafunga Duke 77 kwa 72 mwezi Novemba kule Atlanta. Machi 2025 ikafika kumi na sita bora ya taifa, mahali ambapo hatukuwa tumefika tangu 2019. Tennessee ndio waliotusimamisha. Tulilia, lakini kilio cha mtu aliyekula akashiba si sawa na cha mwenye njaa.

Sasa tafadhali rudi uyasome tena majina yale. Kila jina tuliloliimba mwaka ule ni la kijana aliyeacha mahali fulani. San Diego walimlilia Butler. Kuna mtoto Dayton mwenye jezi ya Brea ambaye siku ile hakula chakula cha jioni. Furaha yetu yote ilitoka kwenye kwaheri za watu wengine.

Hata Pope mwenyewe. Kabla hajawa nahodha wa Kentucky, alichezea Washington, na akiwa mwaka wa kwanza alichaguliwa mchezaji bora kati ya wapya wa ligi yao. Kocha wake alipoondoka mwaka 1993, Pope naye akaondoka. Enzi zile anayehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, naye akakaa. Kama mashabiki wa Washington walimtukana, walimtukana mtu ambaye leo sisi tunamvulia kofia na kuishika kifuani.

Sisi tunaozungumza Kiswahili katika mji huu tulikuwa na Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mchezo, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Wakongo wa hapa walitembea vifua mbele mwaka ule, na Watanzania na Warundi tukajidai kama ndugu wa damu. Naye alitokea wapi? Aliondoka West Virginia katikati ya msimu, Januari 2021. Kule aliacha watu wamekasirika. Huku tulimwita zawadi ya Mungu. Ni mtu yuleyule, na uamuzi uleule.

Ninajua nitajibiwa nini, maana nimejibiwa hivyo saluni: "Siku hizi wanalipwa. Anayelipwa avumilie maneno." Kweli, mambo yamebadilika. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuingiza fedha kwa jina na sura yake, na kuanzia Julai mosi 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote. Mimi naliunga mkono jambo hilo. Kwa miaka mingi makocha walijenga majumba kwa jasho la vijana waliokuwa wakiomba nauli nyumbani. Tshiebwe mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na viza ya mwanafunzi, hakuweza kuvuna kama wenzake waliozaliwa hapa, na timu ilipokwenda Bahamas mwaka 2022 ndipo alipopata nafasi ya kufanya matangazo ya biashara nje ya mipaka ya Marekani.

Lakini malipo yananunua kazi ya mtu, hayanunui utu wake. Mlaumu kwa kukosa mitupo huru, mlaumu kwa kutorudi kukaba. Hiyo ni haki ya aliyelipa kiingilio. Ila kijana ambaye hajawahi kuivaa jezi yetu hata siku moja, hakula senti yetu, kosa lake ni kusema "asanteni, lakini hapana", huyo tunamdai nini? Kwetu tunafundishwa kwamba posa ikikataliwa, watu wanashukuru, wanaaga, wanarudi na heshima yao. Anayesimama mlangoni akimtukana binti wa watu amewapa majirani sababu ya kusema: bora alikataa.

Jioni ile ya kofia tatu, kelele zilipopungua, kinyozi aliichukua tena mashine. Alininyoa kimya mpaka akamaliza upande wa kushoto. Kisha akasema taratibu, akinitazama kwenye kioo, "Papa, siye hatukuchagua Lexington. Tulikuwa kambini, wakatupatia karatasi, kwenye karatasi wakaandika Lexington. Huyu mutoto amechagua mwenyewe. Mumuache achague."

Hakuna aliyejibu. Wengi pale walifika hivyohivyo, kwa karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine. Wanajua thamani ya kuulizwa unataka kwenda wapi, kwa sababu wao hawakuulizwa. Nilipotoka nje baridi ilinipiga kichwani palipokuwa na nywele, nikaona haya kwa lile neno langu.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yule Quaintance tuliyemfuta mwaka 2024, kijana wa miaka 16 aliyekwenda Arizona State, mwaka 2025 alirudi. Alichagua Kentucky kwa mara ya pili, safari hiyo chini ya Pope, goti lake likiwa bado linapona baada ya kuumia. Kushangiliwa ni haki yake. Lakini fikiria alipokuwa anapima aje au asije, alikumbuka nini kuhusu sisi? Mzigo wa mshenga wetu unakuwa mzito au mwepesi kutegemea maneno tuliyomwagia kijana aliyetangulia. Mama wa kijana anasoma. Bibi anasimuliwa.

Na wengine wamekwenda upande wa pili. Aprili 2025 Travis Perry, yule aliyebaki peke yake wakati wenzake wote wamechomoka, aliaga akaenda Ole Miss. Alikaa nasi mwaka mmoja. Alipata dakika chache uwanjani, akataka kucheza, na kijana wa umri wake anataka nini kingine? Noah alibaki. Malachi Moreno wa Georgetown, hapa jirani, akaingia, na Jasper Johnson naye pia. Mlango huu una watu wanaoingia na wanaotoka, na haujawahi kuwa na upande mmoja.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu, naiandika gazetini ili nisiikimbie. Kijana atakayefuata kuivuka kofia ya buluu, mimi nitasema, "Kila la heri, mwanangu," na nitaishia hapo. Na siku Travis Perry atakapokanyaga Rupp akiwa na jezi ya timu nyingine, jina lake litakapotangazwa, nitasimama nimpigie makofi. Kisha nitakaa, nitaombea akose mitupo yake yote, na timu yangu ishinde.