Buti la Bei Kubwa: Hoja Tano na Majibu Yake

Anayetaka kutembea kwa miguu kutoka Nchelenge, mkoani Luapula nchini Zambia, apite Kashikishi, afuate ufuko wa Ziwa Mweru kwenda kaskazini, kisha apande hadi maporomoko ya Lumangwe na Kabwelume kwenye mto Kalungwishi, hupewa ushauri uleule: nunua buti la kupandia mlima, la dola 200 au 300, la sivyo utajuta. Ushauri huo umewafanya watu wa kipato cha kawaida waahirishe safari, na wengine wakope. Nauona si sahihi kwa ardhi hii. Nitazijibu hoja zake moja baada ya nyingine, na palipo na ukweli nitakubali.

Hoja ya kwanza: kiatu ghali hudumu, hivyo mwishowe ndicho rahisi.

Kinachodumisha kiatu ni jinsi kilivyotengenezwa. Mabuti mengi ya kisasa, hata ya bei kubwa, yana tabaka laini la poliurithani kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Tabaka hilo huliwa na unyevu wa hewa polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu kinaweza kukaa kabatini miaka kadhaa bila kuvaliwa, kikaonekana kipya, halafu soli ikabanduka vipande siku ya kwanza njiani. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa anayenunua mtumba, ambao Zambia huitwa salaula, kwa sababu umri wa kiatu haujulikani. Kabla hujalipa, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, kisha kunja kiatu. Ukiona nyufa ndogo au unga unadondoka, kiache, hata kama jina lake ni kubwa. Tena, soli iliyoshonwa fundi wa sokoni ataishona upya. Iliyomiminwa kiwandani ikivunjika, mara nyingi hana la kufanya.

Hoja ya pili: buti refu huzuia mguu kuteguka.

Hii huaminiwa kuliko zote, na ushahidi wake ni mdogo. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wachezaji 622 wa mpira wa kikapu, wengine wakiwa na viatu virefu na wengine vifupi. Hawakuona tofauti ya maana katika idadi ya walioteguka. Mpira wa kikapu si kutembea porini, lakini ni mchezo unaotegua vifundo vya miguu kweli kweli. Upande wa pili uko uzito. Jozi ya mabuti mazito hufika kilo moja na nusu, na kila gramu 100 zinazoongezeka miguuni hupandisha nguvu anayotumia mtembeaji kwa takriban asilimia 1. Miguu iliyochoka ndiyo inayojikwaa. Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, mwaka 1955 alitembea njia yote ya Appalachian huko Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za kitambaa.

Hoja ya tatu: lazima kiatu kisipitishe maji.

Utando wa kuzuia maji, kama wa Gore-Tex, hutoa jasho kwa njia ya mvuke, pale ndani ya kiatu panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Mwezi Januari mkoani Luapula, hewa yenyewe ni ya moto na imejaa maji. Jasho halina pa kwenda, na soksi hulowa kutoka ndani. Ukivuka kijito, maji huingia kwa juu, na utando uleule uliokusudiwa kuyazuia huyafungia. Raba nyepesi ya kitambaa chenye matundu hulowa upesi, lakini pia hukauka upesi ukiianika juani, mahali palepale wanapoanika samaki wadogo wa chisense. Mguu unaoshinda kwenye maji hulainika, huchubuka na kuoza. David Livingstone, aliyefika Mweru Novemba 1867, alilazimika kubaki ndani kwa wiki nyingi huko Bambarre, Manyema, mwaka 1870, kwa vidonda vya miguu baada ya safari ya matope.

Hoja ya nne: bila buti gumu, nyoka na wadudu watakumaliza.

Nusu ya hoja hii ni kweli, na sitaki mtu aipuuze. Kutembea pekupeku ni kujiweka wazi kwa funza, safura, miiba na kifutu, nyoka anayelala njiani bila kukimbia. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wengi wanaoumwa huumwa mguuni. Lakini kinachokinga ni kufunikwa kwa mguu, si bei. Gambuti la mpira la dukani, linalofika chini kidogo ya goti, hufunika kuliko buti la dola 300 linaloishia juu ya kifundo. Kwa majani marefu na matope ya masika, hilo ndilo la kuvaa.

Hoja ya tano: mbona Kilimanjaro wanayavaa?

Wanayavaa kwa sababu Kibo, kilele chake kikuu, ina mita 5,895, na usiku wa kwenda kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, juu ya changarawe na barafu. Pale buti imara na lenye joto lina kazi, na anayepanda mara moja tu anaweza kulikodi mjini Moshi. Nchelenge iko chini ya mita 1,000, kwenye mchanga na udongo. Kilimanjaro inafundisha jambo jingine: wapo wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni wakiwa na viatu vilivyochakaa. Kama kuna mtu anayestahili buti la bei kubwa, ni huyo anayelivaa kila siku ya kazi, si mgeni wa wiki moja.

Basi fedha yako iende hivi. Kwanza, ukubwa unaokutosha: jaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba, na kidole kimoja cha mkono kiingie kati ya kisigino na kiatu kabla hujafunga kamba. Pili, soksi nzuri jozi mbili, zisizo za pamba, kwa sababu pamba ikilowa huleta malengelenge. Tatu, soli yenye meno. Raba ya namna hiyo kwa kiangazi na gambuti kwa masika vinatosha kwa njia zote za Mweru. Kinachobaki mfukoni lipia nauli, chakula na mwenyeji wa kukuongoza hadi Lumangwe, kwani yeye ndiye ajuaye mahali kifutu hulala.