Diya, Fidia na Kidole cha Mjane



Mama mmoja wa Sericho, kaunti ya Isiolo, ametuletea suali linaloonekana dogo, kumbe ndani yake mna mirathi. Mumewe alifariki lori la mbuzi lilipopinduka naye njiani. Wazee wa pande mbili wamekaa, diya imetajwa, na sasa ameletewa karatasi ya Kiingereza aweke kidole. Je, aweke?

Asiweke mpaka asomewe neno kwa neno, na msomaji awe ni mtu asiyelipwa na aliyeileta. Karatasi za namna hiyo kwa kawaida ni hati ya kumaliza dai: mwenye kuitia kidole amekiri kuwa amelipwa na hatadai tena kwa ajali ile, hata kama alichopewa ni nauli ya matanga.

Neno analopaswa kulijua kwanza ni uzembe. Mahakama za Kenya hazimlipi mtu kwa kuwa ameumia tu. Hutaka ionekane kwamba yuko aliyekuwa na wajibu wa kujihadhari, akauacha, na madhara yakatokana na kuacha kwake. Katika fiqhi, diya ya kuua kwa makosa hulazimu hata pasipo nia, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 92, na hubebwa na aaqila, yaani jamaa wa kiume wa aliyeua. Mahakamani mbebaji huwa mara nyingi ni kampuni ya bima. Lakini mdaiwa akithibitisha kwamba marehemu naye alijitia hatarini, kwa mfano kwa kukaa juu ya mzigo, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Huo huitwa uzembe wa kuchangia. Tena Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, hailazimishi bima imkinge kila aliyepanda lori la mizigo, kwa hivyo kampuni yaweza kukataa na dai likabaki kwa mwenye lori. Watu wetu hupanda malori hayo kwa kukosa chombo kingine, wala si kwa kupenda upepo, na wakili aelezwe hivyo.

Fidia yenyewe ni mafungu mawili. Fidia maalumu ni gharama zinazohesabika: dawa, usafiri wa mgonjwa, mazishi. Hizo hutajwa moja moja katika dai na kuthibitishwa kwa risiti. Pasipo risiti hakimu hufunga mkono. Fidia ya jumla ni ya maumivu na hasara isiyo na bei dukani, nayo hukadiriwa na hakimu kwa kutazama hukumu zilizotangulia.

Mtu akifa, sheria mbili huingia, na hapa ndipo wajane wetu wanapopotezwa. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, huwalipa wategemezi: mke, mume, wazazi na watoto. Ndugu wa marehemu hawamo. Sheria ya Marekebisho, Sura ya 26, huilipa mali ya marehemu kwa maumivu aliyoyapata kabla ya kufa na kwa umri uliokatika. Fedha hizi za pili ni tarika, na mjane mwenye watoto ana thumuni yake. Shemeji akikwambia kwamba fedha za damu ni za wanaume wa ukoo, mkumbushe habari ya Sayyidna Umar (r.a.). Naye alikuwa akiona kuwa mke harithi katika diya ya mumewe, hata Dhahhak bin Sufyan akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam Addhibabi katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake.

Kusamehe ni jambo tukufu, lakini kila mrithi husamehe fungu lake mwenyewe. Fungu la mtoto mdogo halisamehewi na mjomba wala ami. Na sheria ya nchi inakubaliana nasi: kesi ya mtoto haimalizwi kwa mapatano bila idhini ya mahakama.

Kisha kuna muda. Dai la ajali hufunguliwa ndani ya miaka 3, na ikiwa gari ni la Serikali, ndani ya miezi 12. Vikao vya wazee, hata vikiwa vya kheri namna gani, havisimamishi hesabu hiyo. Nimeona vikao vikiahirishwa kwa ukame, kwa harusi, kwa Ramadhani, na mwaka ukaisha.

Basi mama yetu wa Sericho aende kituo cha polisi achukue abstrakti ya ajali, akusanye risiti, cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, kisha amwone wakili. Makubaliano ya ujira wa wakili yaandikwe, na nakala abaki nayo. Kesi ya uzembe haisikizwi na Kadhi, kwani kifungu cha 170 cha Katiba kimempa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ila fedha za tarika zikishatoka, mgawanyo wake waweza kupelekwa mbele ya Kadhi huko huko Isiolo, na mjane aingie humo akiijua thumuni yake.